Joseph Thomson: Kijana wa miaka 21 aliyekuta mlango wa Ziwa Tanganyika umefunguka

Mito inayoingia Ziwa Tanganyika ni mingi. Kaskazini kuna Rusizi, upande wa Tanzania kuna Malagarasi, na upande wa Kongo kuna makumi ya mito mifupi inayoporomoka kutoka milima ya Uvira na Fizi, kama Mutambala wa karibu na Baraka. Mto unaotoka ni mmoja tu. Unaitwa Lukuga, na unaanzia pale ulipo leo mji wa Kalemie.

Ndiyo maana kila maji ya ziwa yanapopanda na kuingia katika nyumba za ufuoni, watu wa Baraka huzungumzia mvua kwanza, kisha huzungumzia Lukuga. Je, mlango uko wazi? Umeziba? Unapitisha maji ya kutosha?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 140. Mmoja wa watu waliolipatia jibu mbele ya wanasayansi wa dunia alikuwa kijana wa Uskoti aliyeitwa Joseph Thomson. Alifika Lukuga mwishoni mwa mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 21, akiongoza msafara ambao hakutumwa kuuongoza. Alifariki mwaka 1895 akiwa na miaka 37. Leo wengi wanamkumbuka kwa jina la swala tomi wa mbuga za Kenya na Tanzania, lakini kazi yake ya kwanza kubwa aliifanya katika Ziwa Tanganyika.

Alikulia machimboni

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Uskoti. Baba yake, William, alikuwa fundi wa mawe aliyeijenga nyumba yake kwa mikono yake. Joseph alipokuwa na miaka kama 10, familia ilihamia Gatelawbridge, ambako baba yake alikodi machimbo ya mawe mekundu ya kujengea.

Mtoto huyo alikua akiona tabaka za mawe zikipasuliwa kila siku. Alijifunza mapema kwamba jiwe lina historia: hili lilikuwa mchanga wa jangwa, lile lilikuwa tope la mto, na jingine lilitoka katika moto wa volkano. Akafanya kazi machimboni kwa muda, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alifundishwa na Archibald Geikie, mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa zama zile. Akamaliza masomo yake kwa kupata nishani.

Mwaka 1878 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kinaandaa msafara wa kwenda Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kiongozi aliyeteuliwa alikuwa Keith Johnston, mchora ramani. Thomson aliomba nafasi ya mwanajiolojia, akakubaliwa. Mwanzoni mwa 1879 walishuka Zanzibar, na Thomson akaanza kujifunza Kiswahili.

Kitendawili cha ziwa

Ili kuelewa kwa nini msafara huo ulikuwa na uzito, ni lazima kurudi nyuma miaka 21.

Mwaka 1858, mwaka uleule aliozaliwa Thomson, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi kwenda kaskazini. Walipita Ubwari, ile rasi ndefu iliyo mbele ya Baraka, ambayo wao waliidhani kuwa kisiwa. Jina la Burton lipo mpaka leo kwenye ramani, katika ghuba iliyo kati ya rasi hiyo na Baraka. Walifika Uvira, na hapo wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi haitoki ziwani bali inaingia.

Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walikwenda mpaka mdomo wa Rusizi na kujionea wenyewe. Wenyeji walikuwa sahihi. Mto unaingia.

Hapo fumbo likawa kubwa zaidi. Ziwa linapokea mito kutoka kila upande, na maji yake ni ya kunywa. Ziwa lisilo na njia ya kutolea maji kwa kawaida hugeuka kuwa la chumvi, kwa sababu jua hukausha maji na kuacha chumvi nyuma. Basi maji ya Tanganyika yanatokea wapi?

Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika Lukuga. Wenyeji walimweleza kwamba mto huo unakwenda mpaka Lualaba, yaani mto Kongo. Aliona maji yakielekea magharibi polepole, lakini majani na matete yalimzuia kuendelea. Miaka miwili baadaye, mwaka 1876, Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua. Alipofika Lukuga hakuona mkondo wa kutoka. Aliona tope na mafunjo yamejaa, akasema kwamba maji yatakuja kutoka baadaye, ziwa likizidi kupanda.

Wasafiri wawili, majibu mawili. Wataalamu wa London waligawanyika. Msafara wa Johnston na Thomson ulitarajiwa kusaidia kumaliza ubishi.

Msafara wapoteza kiongozi

Waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879 wakiwa na wapagazi wapatao 150. Nyanyapara wa msafara alikuwa Chuma, mtu aliyejulikana toka pwani hadi bara. Alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, akasafiri na Livingstone kwa miaka mingi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi ndio waliowaongoza wenzao kuubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo.

Siku ya tarehe 28 Juni, wakiwa Behobeho, karibu na mto Rufiji, Johnston alikufa kwa kuhara damu. Msafara haukuwa umefika hata Ziwa Nyasa. Thomson alikuwa kijana asiye na uzoefu, katika nchi asiyoijua, mwenye Kiswahili cha miezi michache. Angeweza kurudi pwani bila mtu kumlaumu. Aliamua kuendelea.

Uamuzi huo ulikuwa wake, lakini uwezo wa kuutekeleza ulikuwa wa Chuma. Chuma ndiye aliyejua namna ya kuongea na machifu, kugawa chakula, kutuliza wapagazi wanaotaka kutoroka, na kuchagua njia. Thomson mwenyewe aliandika waziwazi juu ya mchango huo. Alijifunza pia jambo moja lililomtofautisha na wasafiri wengi wa wakati wake: alipendelea kusubiri na kuzungumza kuliko kupiga risasi. Falsafa yake ilikuwa kwamba aendaye taratibu hufika salama, na afikaye salama hufika mbali. Alimaliza safari hiyo bila kupigana vita na mtu, na karibu watu wake wote walirudi hai.

Walifika Ziwa Nyasa mwezi Septemba, na mwanzoni mwa Novemba wakaliona Ziwa Tanganyika upande wake wa kusini. Hapo Thomson aliwaacha watu wengi chini ya Chuma, akachukua kikosi kidogo na kufuata ukingo wa magharibi kuelekea kaskazini, akipanda na kushuka milima ya Marungu.

Maji yanakimbia

Mwishoni mwa Desemba 1879 alisimama kwenye mdomo wa Lukuga. Pale ambapo Stanley alikuta tope na matete, Thomson alikuta mto mkubwa wenye nguvu, unaotoka ziwani na kwenda magharibi kwa kasi.

Hakuwa Mzungu wa kwanza kuliona jambo hilo. Edward Hore, baharia aliyefanya kazi na misheni ya London katika ziwa, alikuwa ameona maji yakitoka miezi michache kabla. Lakini Thomson aliufuata mto wenyewe kwa siku kadhaa kuelekea Lualaba, na macho yake yalikuwa ya mtu wa machimbo. Alitazama kingo, alitazama alama za maji kwenye mawe ya ufuo, akaona kwamba ziwa limeanza kushuka.

Kwa hiyo Cameron na Stanley walikuwa wameona kweli wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa miaka mingi ziwa lilikuwa chini ya kiwango cha mlango. Vijito vya pembeni vilileta mchanga na udongo katika mfereji wa Lukuga, mafunjo yakaota, na kizuizi kikajengeka chenyewe. Kisha mvua zikazidi, ziwa likapanda mwaka hadi mwaka, na mnamo 1878 likapita juu ya kizuizi. Maji yalipoanza kupita yalikikata kizuizi chenyewe, na kadiri yalivyokikata ndivyo yalivyozidi kupita. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10.

Mita 10 si jambo dogo. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 32,000. Huko Ujiji, mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji. Leo pako mbali na ufuo. Ardhi tambarare iliyo wazi kandokando ya ziwa, ambayo leo ina nyumba, masoko na mashamba ya mihogo, sehemu yake ilikuwa chini ya maji wakati Thomson anazaliwa.

Thomson alitaka kuufuata mto mpaka Lualaba, lakini alipoingia katika nchi ya Warua alikutana na upinzani. Watu walimnyang'anya mali na kumtishia. Kama ilivyokuwa desturi yake, hakulazimisha. Alirudi nyuma, akashuka ziwa kwa mashua mpaka kusini, akapita karibu na Ziwa Rukwa, kisha Tabora, na katikati ya 1880 akafika pwani. Hakufika Baraka wala Ubwari. Lakini alichokieleza juu ya Lukuga kinaigusa Fizi kama kinavyoigusa Kalemie, kwa sababu maji ni yaleyale.

Milima ya Fizi inaeleza nini

Thomson alirudi na mawe, mimea na makombe ya konokono wa ziwani. Baadhi ya makombe hayo yalifanana sana na ya baharini, na kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba ziwa lilikuwa kipande cha bahari ya zamani kilichobaki bara. Dhana hiyo baadaye ilianguka. Konokono hao walibadilika humohumo ziwani kwa sababu ziwa ni la kale sana na limekaa peke yake.

Wanajiolojia waliokuja baada ya Thomson walieleza asili yake. Ziwa Tanganyika limo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili, kwa mwendo wa milimita chache tu kwa mwaka. Pale inapovutwa hupasuka kwa nyufa ndefu, na kipande kilicho katikati ya nyufa hudidimia, huku kingo zake zikiinuka. Kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Kipande kilichodidimia ni ziwa. Kingo zilizoinuka ni milima.

Mtu akisimama Baraka anaona habari hiyo yote kwa mara moja. Nyuma yake kuna milima inayopanda kuelekea Itombwe, ambako vilele vinapita mita 3,000. Ni mawe ya kale mno, yaliyokuwepo mamilioni ya miaka kabla ya ufa kuanza, na ndani yake mna dhahabu inayochimbwa sehemu kama Misisi. Mbele yake kuna rasi ya Ubwari, ambayo ni kipande cha mwamba kilichobaki juu wakati sehemu za pande zote mbili zilipodidimia. Katikati kuna ghuba ya Burton. Na ukipita Ubwari, kina cha ziwa kinazidi kwenda chini. Sehemu yenye kina kirefu zaidi katika Tanganyika, upande wa kusini, inafika mita 1,470. Hiyo ina maana kwamba chini ya ziwa pako mita zipatazo 700 chini ya usawa wa bahari, na bado chini ya hapo kuna kilomita kadhaa za tope lililoletwa na mito.

Ufa huo haujalala. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa na kuangusha nyumba Kalemie. Watu wa Bukavu nao wanakumbuka tetemeko la Februari 2008.

Maji ya Fizi nayo yanaufuata ufa. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa milima inashuka kwa mito mifupi na mikali moja kwa moja mpaka ziwani. Ile inayonyesha upande wa magharibi inaingia Luama, na Luama inakwenda zake mpaka Lualaba. Matone mawili yakianguka pande mbili za kilele kimoja, yatakutana tena katika mto Kongo. Lakini lile la mashariki litalazimika kupita kwanza ziwani na mlango wa Lukuga.

Rusizi nayo ina historia yake. Zamani maji ya Ziwa Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliziba njia hiyo, Kivu ikajaa, na mwishowe ikamwagikia kusini kupitia bonde la Rusizi. Kwa hiyo volkano zilizo karibu na Goma ndizo zilizoongeza maji yanayofika Uvira na Baraka.

Makaa ya Sultani

Tuendelee na maisha ya Thomson. Sifa zake zilipofika Zanzibar, Sultani Barghash bin Said alimwita. Sultani alikuwa amesikia kwamba kuna makaa ya mawe katika bonde la mto Ruvuma. Meli za wakati huo zilitumia makaa, na kama yangepatikana, yangemtajirisha.

Mwaka 1881 Thomson alikwenda kuangalia. Mawe yalikuwa meusi kweli, na yalikuwa na mafuta kidogo ndani yake, lakini hayakuwa makaa. Yalikuwa udongo wa kale uliogandamana kwa tabaka. Alirudi na kumwambia Sultani ukweli. Barghash hakufurahi, na kazi ya Thomson Zanzibar ikaishia hapo.

Kuna jambo ambalo hakulijua. Katika bonde la Lukuga, lile alilolipita kwa miguu mwaka mmoja tu kabla, makaa ya mawe yalikuwepo. Wakati wa ukoloni Wabelgiji waliyachimba karibu na Kalemie, mahali palipoitwa Greinerville na ambapo leo panaitwa Makala. Tabaka hizo ziliwekwa miaka ipatayo milioni 300 iliyopita, wakati sehemu hiyo ya dunia ilipokuwa inatoka katika enzi ya barafu. Chini yake kuna mawe yaliyosagwa na barafu ile. Wanajiolojia waliupa mkusanyiko huo wa mawe jina la Lukuga.

Mawe hayo yanasaidia pia kueleza mlango wenyewe. Ni laini kuliko miamba ya kale ya milima inayolizunguka ziwa, nayo yamekaa katika bonde la zamani linalokatiza safu ya milima. Hapo ukuta wa ziwa ni mfupi na dhaifu. Maji yalipotafuta pa kutokea, yalipata hapo.

Umasaini

Mwaka 1883 Chama cha Jiografia kilimtuma tena, safari hii kutafuta njia fupi kutoka Mombasa mpaka Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamasai. Misafara mingi ya biashara ilikuwa imepigwa na kurudishwa huko. Thomson alipita Kilimanjaro, akashuka katika Bonde la Ufa la mashariki, akafika Naivasha, akapanda volkano ya Longonot, akauona Mlima Kenya, akapita Baringo, na Desemba 1883 akafika karibu na Ziwa Viktoria.

Alipita kwa mbinu alizozizoea: subira, zawadi, na wakati mwingine kiini macho. Alijifanya mganga, akawaonyesha watu dawa ya unga inayochemka majini na meno ya bandia aliyoyatoa na kuyarudisha. Siku ya mwisho ya mwaka 1883 nyati alimpiga pembe na nusura amuue. Sehemu ya njia ya kurudi alibebwa akiwa mgonjwa sana.

Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1885 na kilisomwa sana. Mwaka huohuo akapewa nishani ya dhahabu. Mji wa Nyahururu nchini Kenya ulikuja kujulikana kwa miaka mingi kwa jina lake, kwa sababu ya maporomoko ya maji aliyoyaandikia. Alikuwa na miaka 27.

Lakini kitabu hicho hakikusomwa na wapenzi wa safari pekee. Kilisomwa pia na wenye makampuni na serikali. Miaka michache baadaye njia alizozipita zilikuwa njia za utawala wa Waingereza.

Kazi ya makampuni

Hapa ndipo maisha ya Thomson yanapoacha kuwa ya sayansi tu. Mwaka 1885 kampuni ya biashara ya Uingereza ilimtuma Afrika Magharibi, akapata mikataba na watawala wa Sokoto na Gwandu. Mwaka 1888 alikwenda Moroko kuchunguza milima ya Atlas. Mwaka 1890 Cecil Rhodes alimtuma Katanga.

Rhodes alitaka nchi ya Msiri, mfalme wa Garenganze, kwa sababu ya shaba yake. Thomson alitakiwa kumfikia Msiri na kupata mkataba kabla ya watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alikwenda kupitia Ziwa Nyasa na kuelekea Ziwa Bangweulu. Njiani ndui ilizuka katika msafara, wapagazi wakafa, na vijiji vikakataa kuwapokea. Thomson mwenyewe aliugua vibaya. Hakufika.

Mwaka uliofuata msafara wa Leopold ulifika. Msiri aliuawa Desemba 1891, na Katanga ikaingia katika Dola Huru la Kongo. Ni vigumu kusema ramani ya Kongo ingekuwaje kama ndui isingeupata msafara wa Thomson. Lakini ni wazi kwamba yule kijana aliyekataa kulazimisha njia katika nchi ya Warua alikuwa sasa anafanya kazi ya watu waliotaka nchi zenyewe, na mikataba aliyoibeba ilikuwa na maana tofauti kwa aliyeiandika na kwa aliyetakiwa kuitia sahihi.

Safari hiyo ilimmaliza. Afya yake haikurudi tena. Alijaribu kupumzika Afrika Kusini na nchi nyingine zenye joto, bila mafanikio. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akazikwa karibu na kijiji alichokulia. Chuma alikuwa amemtangulia kwa miaka 13. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, na hakuna mji wala maporomoko yaliyopewa jina lake.

Mlango huo leo

Kiwango cha ziwa hakijatulia tangu siku za Thomson. Kiliposhuka, kilikaa chini kwa miongo kadhaa. Mvua kubwa za miaka ya 1960 zilikipandisha tena, na mwaka 1964 kikafika juu sana. Kikashuka. Tangu 2020 kimepanda tena, na mwaka 2024 maji yalikaribia kiwango cha 1964. Bujumbura, Gatumba, Uvira, Kalemie na vijiji vya ufuo wa Fizi viliona barabara, shule, bandari na nyumba zikiingiliwa na maji.

Kila wakati watu huitazama Lukuga, lakini hawaitazami kwa jicho moja. Ziwa linaposhuka na bandari kukauka, husikika hoja ya kujenga ukuta mtoni ili maji yasitoke mengi. Ziwa linapopanda, husikika hoja ya kuchimba mto ili yatoke zaidi. Hoja zote mbili zinagusa nchi nne za ziwa, pamoja na wakazi wa bonde la Lukuga upande wa chini, ambao maji yakifunguliwa kwa wingi yatawafikia wao kwanza.

Na Lukuga peke yake haiwezi kumaliza tatizo. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika, zaidi ya tisa kwa kumi, haitoki kwa mto bali hupanda angani kwa jua. Mto unatoa kilichobaki. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa litapanda hata mlango ukiwa wazi.

Kwa Fizi kuna hatari nyingine inayotokana na umbo hilohilo la ardhi. Mito inayoshuka kwenye ukuta wa ufa ni mifupi. Mvua ikinyesha usiku milimani, maji hufika chini kabla watu hawajaamka. Mwezi Mei 2025 mto ulifurika usiku katika kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, na kuua makumi ya watu. Miti inapokatwa mlimani, maji hushuka haraka zaidi, na udongo hushuka nayo mpaka ziwani.

Hakuna serikali wala fundi anayeweza kuuzuia ufa, na mvua haiombwi ruhusa. Kinachowezekana ni kile alichokifanya Thomson pale Lukuga: kutazama ardhi kabla ya kuamua. Alama za maji ya 1878 bado zinaweza kuonekana kwenye mawe ya sehemu nyingi za ufuo, mita kadhaa juu ya vichwa vya watu. Mahali ambapo mto umeacha mawe makubwa ya mviringo, ni mto uliyaleta, na utakuja tena. Tambarare laini iliyo mbele ya ziwa ni ya ziwa. Anayechagua kiwanja, anayejenga shule au zahanati, na anayechora barabara ya Baraka, wote wanaweza kuzisoma alama hizo bila darubini na bila kusoma Edinburgh. Wazee wa ufuoni wanazijua nyingi, kama walivyojua Lukuga inakwenda wapi kabla Cameron hajauliza.